Mwenyekiti Anataka Kukaa Chini

1.

TANGAZO

Wanawake wote wa Barabara ya Kumi na Nne mnajulishwa kuwa shughuli ya Shamsa ni baada ya Idi. Mikeka itatandikwa ukumbini. Kitawekwa kiti kimoja tu, cha Bi Mwanakheri.

2.

Kiti kimoja. Cha plastiki, cheupe, mguu mmoja umepinda kidogo.

Usidhani walimtukana. Ni heshima, ndivyo walivyosema, na yeye akijibu ahsante huku moyo unamuuma. Magoti yake yalishakataa mkeka siku nyingi; akikaa chini, kuinuka mpaka aitiwe watu. Basi kila msiba, kila maulidi, kila harusi, wenzake chini wanarushiana vijembe na yeye juu peke yake, anaokota maneno nusunusu. Wakambandika jina.

Mwenyekiti.

3.

Yaliyosikika jikoni kwa wifi yake Bi Salha, mama wa Shamsa, bi harusi:

"Somo ndiye anayemfunda mwari, lazima wakae chini pamoja. Sasa Mwenyekiti atakaaje?"

"Lakini shangazi mtu ni yeye."

"Najua. Ila tumpe Bi Kidawa, tusije tukaaibika mbele ya—"

Mwanakheri akaingia na sahani ya visheti.

Wakageukia masufuria.

"Nipeni mimi," akasema. "Nitakaa. Na nitainuka mwenyewe."

Maneno yameshatoka. Utayarudishaje?

4.

AMRI YA JIKO
(imetolewa na Mwanakheri, kwa Mwanakheri)

Chapati za asubuhi zimesimamishwa kazi hadi itakapotangazwa vinginevyo.

Sukari ihamie kabati la juu, anakofika Mbwana, mume, peke yake.

Mchicha na matembele wapewe nusu ya sahani. Wali wa nazi ukae pembeni, usilete fujo.

Sambusa za jirani hazihusiki na amri hii.
(Imefutwa.)

5.

Alfajiri. Mbwana kitandani, jicho moja limefunguka, anamtazama mkewe.

"Mama Zubeda, na raba hizo unakwenda wapi?"

"Natembea."

"Kwa nani?"

"Kwa miguu yangu."

6.

Mtaa:

umekonda
          unaumwa?
mumeo hakulishi?
                    pole, dada, pole

Hapa ndipo alipotaka kuacha, nakwambia ukweli, msomaji. Mtu anapita kifua mbele, gauni limeanza kumpwaya, anangoja sifa, anapewa pole. Alirudi nyumbani akala chapati. Zilikuwa tamu mno.

Kesho yake akavaa raba.

7.

Mimi kiti.

Nilikuwemo chumbani alipoanza kujaribu. Alishika ukingo wa kitanda, akashuka taratibu, akafika sakafuni.

Kuinuka

hakukuwepo.

Mbwana akaja kumvuta, akavutwa yeye. Wakabaki wawili chini, wanacheka mpaka machozi. Baadaye akawa ananishika mimi, mikono yote. Halafu mkono mmoja. Halafu kidole.

Halafu nikatolewa uani, nikaanikiwa raba.

8.

Siku yenyewe. Shamsa yuko mkekani, kafunikwa kanga. Bi Salha anamfuata wifi yake nyuma na kiti mkononi, cha kuazima.

"Wifi, kiti hiki hapa, usijitese."

"Mpe Bi Kidawa, kasimama muda mrefu."

Akashuka. Hakuna aliyemshika. Mwari akaegemea bega lake, akanong'ona chini ya kanga, "Shangazi, umekuja huku kwetu."

Na huko chini, jamani, ndiko mambo yote yaliko. Alisikia kila kijembe mwanzo hadi mwisho. Akajibu viwili. Aliyomfunda Shamsa hayaandikwi.

Kisha ngoma ikabadilika: wakati wa somo kumtoa mwari. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Mikono ikanyooshwa, ya Salha, ya Kidawa, ya majirani wale wa pole.

"Niacheni."

Alikuwa anajivuna, na kwa nini asijivune? Kabla hata ya kuinuka alikuwa anajivuna. Kiganja kwenye mkeka. Goti moja juu. Akamshika Shamsa mkono, si kwa kuinuliwa, ni kwa kumwinua, akavuta pumzi, na

9.

TANGAZO

Mwenyekiti amejiuzulu.

Kiti kiko wazi, ila kimeanikiwa raba.