Miguu ya Mama

Kibonge alikuwa ameingia uvunguni mwa kitanda cha bibi yake na hakutaka kutoka.

"Mjukuu wangu, mama yako huyu hapa kwenye simu, anakungoja." Picha ikayumba: dari, ukingo wa kitanda, kisha giza la uvunguni na visigino viwili vya mtoto, vimejaa vumbi. "Toka umsalimie."

"Sitaki."

"Msalimie tu, halafu urudi kucheza."

"Sitaki kumwona!"

Huku ng'ambo, kwenye chumba cha bweni katika nchi ya watu, mama Kibonge alikaa mbele ya meza yake, tabasamu limemganda usoni kama limebandikwa kwa gundi.

"Mwache, mama," alisema. "Labda ana usingizi."

"Usingizi gani saa hizi? Kaamka sasa hivi, kala, kashiba, kagombana na paka." Bibi akaigeuza simu, uso wake ukajaa kiooni, pua mbele. "Usiumie, mwanangu. Watoto ndivyo walivyo. Leo hakutaki, kesho anakulilia."

Lakini haikuwa leo tu. Miezi ya mwanzo Kibonge alikuwa akiibusu simu mpaka kioo kinalowa mate. Baadaye akawa anasalimia kwa mbali, kama anayesalimia mgeni wa jirani. Halafu akanyamaza. Sasa ni uvunguni. Na lile neno "mama", ambalo zamani alilitaja hata akipiga chafya, lilikuwa limempotea kabisa.

Mama Kibonge alikata simu, akabaki akiukodolea macho ukuta wa kijivu.

"Amegoma tena?" aliuliza Mrefu, mwenzake wa chumbani. Mrefu alikuwa msichana wa kwao, mwanafunzi wa uhasibu, na kitanda cha bweni kilikuwa kifupi kwake hivi kwamba alilala amejikunja kama panzi.

"Amegoma." Mama Kibonge akajifuta macho kwa kiganja. "Nimeamua, mdogo wangu. Muhula huu ukiisha, narudi nyumbani."

"Unarudi likizo."

"Narudi moja kwa moja. Mwalimu nitamwambia kesho."

Mrefu akainuka kitandani, akasahau dari iko chini upande ule, akajigonga. Siku nyingine wangecheka. "Dada, wewe? Uliyesoma madarasa ya jioni na mtoto mgongoni? Na hiyo miguu unayotengeneza utamwachia nani?"

"Watatengeneza wengine. Mafundi wapo. Kibonge ana mama mmoja tu, na huyo mmoja ameshaanza kumsahau."

Mrefu akarudi kukaa kitandani, akijipapasa kichwa.

Alichokuja kusomea mama Kibonge kilikuwa utengenezaji wa miguu ya bandia. Kwao alikuwa mhudumu wa hospitali ndogo, na kila wiki alimfungulia mlango mtu aliyekuja kuulizia mguu wake ulioagizwa mbali, akamfungulia tena akirudi mikono mitupu. Ufadhili ulipopatikana, mama yake mzazi ndiye aliyemsukuma: nenda, mtoto niachie mimi. Sasa siku zake zilikwisha karakanani, plasta imemwingia mpaka kwenye nyusi, akichonga na kulainisha kile kikombe ambamo kigutu cha mguu hukaa, akikipapasa kwa kidole gumba mpaka kisiwe na mahali pa kumchubua mtu. Mwalimu alisema ana mkono. Mkono alikuwa nao. Moyo ndio uliokuwa uvunguni mwa kitanda.

Kuhusu mji wenyewe, mtu angemuuliza ukoje angekosa jibu. Aliijua barabara moja: bweni, duka la dobi lenye mashine zinazozunguka dirishani, kituo cha mafuta, chuo. Lugha ya pale bado ilimchechemea mdomoni, na aliogopa kupotea halafu ashindwe hata kuuliza. "Mji wote huu," Mrefu humtania, "na wewe una njia moja kama ng'ombe wa maziwa." Naye hujibu kwamba ng'ombe wa maziwa hajawahi kutangazwa redioni kuwa amepotea.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, alikuwa amekaa mbele ya meza ileile akipanga maneno ya kumwambia mwalimu, maana wiki nzima alikuwa ameyaahirisha, simu ikalia. Alikuwa bibi. Alikuwa anacheka, lakini machozi yanamtoka.

"Mwanangu, ugonjwa wa mtoto nimeupata!"

"Anaumwa?"

"Haumwi! Ngoja nikwambie. Namwogesha hapa, nasugua magoti, ananiuliza: bibi, mama akija, nani atambeba kumshusha kwenye gari? Nikamwambia atashuka mwenyewe, kwani yeye mzigo? Akaniangalia hivi, kwa huruma, kama mimi ndiye mtoto. Akasema: atashukaje na miguu hana?"

"Miguu sina?"

"Huna! Anasema miguu yako aliiona kwenye rafu."

Mama Kibonge akashika kichwa. Ilikuwa zamani, wiki zake za mwanzo. Alikuwa na furaha, akamwonyesha mtoto karakana kupitia simu: "Ona, Kibonge, ona miguu yote hii! Mama yuko huku kwa ajili ya miguu." Ilikuwa imepangwa rafuni, mirefu na mifupi, mingine imevalishwa viatu. Na tangu siku hiyo mtoto alimwona vipi mama yake? Amekaa mezani. Kila siku mezani. Kichwa na mabega, na ukuta nyuma.

"Kama picha ya kitambulisho," alisema bibi, kana kwamba amemsikia akiwaza. "Na kosa lingine ni langu. Mwanzo alikuwa analia akikuona, nikamkataza. Nikamwambia ukilia mbele ya mama utamuumiza. Kumbe kila akikuona kilio kinamkaba, ndiyo maana anakimbilia uvunguni. Nisamehe, mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Hukohuko uvunguni, na taulo lake."

"Mpe simu. Isukume ndani. Usimwambie kitu."

Hakukumbuka amevaaje viatu. Alishuka ngazi za bweni, akasukuma mlango kwa bega, akatoka nje kwenye jua hafifu la alasiri, simu ameielekeza chini kwenye miguu yake mwenyewe, akaanza kutembea.

Simuni kulisikika pumzi tu, za mtu aliye karibu sana.

"Hiyo ya nani?" sauti ndogo ikauliza hatimaye.

"Yangu."

Wakapita duka la dobi.

"Ruka."

Akaruka.

"Ruka tena. Juu."

Akaruka juu, mwanamke mzima, plasta ya juzi bado iko kwenye nywele, mbele ya kituo cha mafuta. Mhudumu wa pale akasahau kuchomoa bomba kwenye gari la mteja.

"Vua kiatu."

Hapo alielewa kwamba hakimu huyu hahongeki. Pengine hata miguu ya rafuni inaruka, nani ajuaye? Akaketi kwenye ngazi za jengo fulani, akavua kiatu na soksi, akavichezesha vidole kimoja kimoja mbele ya simu. Mbwa mdogo akaja kuvinusa. Bibi mmoja wa palepale, aliyeshika kamba ya yule mbwa, akainama kwa wasiwasi.

"Umeumia, binti?"

Mama Kibonge akatafuta maneno. "Hapana, mama. Namwonyesha mwanangu miguu. Yuko mbali. Alifikiri sina."

Yule bibi alimtazama, akaitazama simu, akafikiri kidogo. Kisha akashika ukuta, akanyanyua mguu wake mwenyewe, na kiatu chake cha kamba, akauleta mbele ya kamera na kuutikisa.

Uvunguni mwa kitanda kukatoka kicheko. Kicheko kile cha tumboni ambacho mama Kibonge alikuwa ameshakihesabu miongoni mwa vitu vilivyopotea. Yule bibi naye akacheka, akapungia simu mkono, akavutwa na mbwa wake akaenda zake.

"Kule," Kibonge akaamuru. "Nenda kule."

"Wapi?"

"Kule alikoenda mbwa."

Kule hakukuwa njia ya chuo wala ya bweni. Mama Kibonge alivaa soksi na kiatu, akajikaza, akakunja kona.

Mji ukafunguka. Alikuwa ameukanyaga muda wote huu bila kuingia ndani yake. Kulikuwa na uchochoro wa mawe ya mviringo yaliyomlazimisha kukunja vidole ndani ya kiatu, halafu soko lililokuwa linafungwa, sakafu imelowa na majani ya kabichi yanateleza. "Angalia usianguke!" Kibonge akapiga kelele, na mwenye meza ya vitunguu, bila kujua lugha, akaitikia kelele hiyo kwa kumshika mama mkono avuke. Kulikuwa na daraja la chuma la waenda kwa miguu. Kila hatua lilitoa mlio, na Kibonge alitaka alirudie, akalirudia. Baadaye ngazi za kupanda, baadaye mlima wa lami, mpaka nyama za mapaja zikaanza kulalamika. Karakanani mwalimu alikuwa akiwaambia kila siku kwamba mguu unajifunza kwa ardhi, naye alikuwa ameyaandika maneno hayo vizuri na kuyafaulu kwenye mtihani. Leo ndiyo alikuwa anayaelewa.

Hakujua tena yuko wapi. Hakuna jengo alilolitambua. Alisimama kando ya bustani ndogo kuvuta pumzi, akaigeuza simu, na kwenye kioo akamwona mwanawe ametoka uvunguni, ameketi sakafuni na taulo lake, macho makavu na makubwa.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Miguu unayo."

"Ninayo."

"Basi njoo."

Jibu alilolizoea lilikuwa tayari ulimini. Kesho kutwa. Nakuja kesho kutwa, mpenzi, nikuletee zawadi. Alikuwa amelisema mara ngapi, na mtoto yule alikuwa amengoja kila mara, mpaka akatafuta mwenyewe sababu ya mama asiyefika: hana miguu. Ilikuwa sababu nzuri kuliko zote alizopewa na wakubwa.

Akaketi kwenye ukuta mfupi wa bustani.

"Kibonge, leo siji. Na kesho siji. Wala kesho kutwa. Nilikudanganya. Huku ni mbali sana, na kazi yangu haijaisha. Kuna watu hawana miguu kweli, wengine wadogo kama wewe, na huko kwetu wanangoja tu. Nikishajua kuwatengenezea, nitakuja, nitashuka kwenye gari mwenyewe. Lakini utakua kwanza. Lile gauni lako la njano litakuwa halikuingii."

Uso wa mtoto ulikunjamana polepole. Kisha akaangua kilio, mdomo wazi, "Mama! Mamaaa!" taulo likamwanguka.

"Shh, shh, mama ataumia," bibi akasikika akija mbio.

"Mwache alie, mama. Mwache anililie mimi."

Naye hakukata simu, wala hakumwahidi pipi. Alikaa pale mahali asipopajua, watu wakipita, akamwambia mwanawe nipo, lia tu, nipo, na machozi yake mwenyewe yakishuka bila kificho. Alikuwa ametaka kurudi nyumbani ili awe mama tena. Kazi yenyewe ndiyo hii, alikuwa anaifanya sasa hivi, kwenye ukuta wa bustani ya watu. Kwa mwalimu hakuwa na la kwenda kusema. Kesho angeingia karakanani kama kawaida.

Kilio kikapungua, kikawa kwikwi. Kibonge akajifuta pua kwa mkono mzima, akaisogelea simu.

"Mama, pale nyuma yako kuna nini?"

Aligeuka. Nyuma ya bustani kulikuwa na kichochoro chembamba, na mwisho wake mwanga wa jua.

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijawahi kufika."

"Twende tuone," alisema Kibonge.

Mama Kibonge akasimama, akaielekeza simu chini kwenye miguu yake, wakaenda.