Kidole Kilichonunua Stoo

"Mama, unanunuaje kitu ambacho hujakiona?"

Swali hilo Angella alimuuliza Bi Masuda zamani kidogo, siku alipohamia upande wa pili wa ukuta wa mbao katika fleti waliyogawana ya Al Baraha, Dubai, akakuta mlango umezibwa na birika kumi na saba, baiskeli ya mtoto na kitanda kilichofunguliwa vipande vipande. Angella ni Mganda, anafanya kazi ya udobi hotelini, na kwao kitu hugongwagongwa, kikanuswa, kikatukanwa kwanza, ndipo kikanunuliwa.

Bi Masuda hakuacha hata kulifuta birika aliloshika. "Kama nilivyoolewa," alisema. "Mume wangu sikumwona mpaka usiku wa harusi. Na miaka ishirini na miwili, mpaka Mungu anamchukua, hakuniinulia mkono. Kisichoonekana nacho kina baraka zake, mwanangu."

Angella alicheka mpaka akakalia ile baiskeli.

Kazi yenyewe haikuwa na siri. Dubai watu huja, watu huondoka. Mtu anafika na begi moja, ananunua sofa, anapandishwa cheo, ananunua sofa kubwa zaidi. Halafu kazi inakwisha, viza inakwisha, anavifungia vitu vyake kwenye stoo ya kukodi ghalani na kusema atarudi baada ya miezi miwili. Harudi. Kodi inalimbikizana, ghala linaandika barua, barua hazijibiwi, na mwisho wake kufuli hukatwa na stoo hupigwa mnada na vyote vilivyomo. Wanunuzi hupewa dakika tano mlangoni. Macho yaingie, miguu ibaki nje. Kufungua boksi ni marufuku.

Wengine walikuja na tochi. Bi Masuda alikuja na pua. Ikitoka harufu ya dawa ya nondo, alijua humo mna nguo zilizotunzwa. Ikitoka ya udi, hiyo ni nyumba ya heshima, aongeze bei. Ikitoka ya panya, alifunga buibui yake akarudi zake nyumbani. Shule aliishia darasa la saba, huko Wete, lakini pua yake ilikuwa imesoma kuwashinda wengi. Alivyonunua alivisafisha, akavitengeneza, akawauzia Waswahili waliokuwa wakipakia makontena ya Tanga, Mombasa na Kampala. Picha za watu na misahafu na Biblia hakuviuza. Vitu hivyo alivirudisha ofisi ya ghala kwenye mfuko wa nailoni, amevipanga vizuri, amevifunga uzi.

Na watu wa Afrika Mashariki wa minada ile, hata kumi hawakufika, walikuwa na desturi yao waliyoiita kuachiana. Mmoja akisema mapema, "Hii jamani niachieni, nina haja nayo," wengine walifunga midomo na kushusha mikono. Ukivunja, jina lako limekwisha kutoka Rashidiya mpaka Sharjah.

Basi mwaka 2014, mwezi wa kumi, Teresiah aliomba aachiwe stoo namba arobaini na moja.

Alikuwa na haki zote za kuomba, maana vitu vilikuwa vyake mwenyewe. Teresiah alikuwa msusi, Mkenya wa Nyeri, mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi. Saluni aliyofanyia kazi kule Jumeirah Village Circle ilipofungwa, alivihifadhi vifaa vyake ghalani, akaenda nyumbani kumzika baba. Mazishi yakazaa kesi ya shamba, kesi ikazaa miezi sita. Aliporudi, deni la kodi lilikuwa kubwa kuliko vitu vyenyewe, na jina lake liko kwenye orodha ya mnada. Karani akamnong'oneza: kuilipa kodi yote huwezi, lakini mnadani kila mtu anaruhusiwa kununua.

"Nimepata kona kwenye saluni ya Madam mmoja Msyria, hapo tu Al Baraha," Teresiah aliwaambia asubuhi ile nje ya ghala, nyuma ya Rashidiya. "Jumamosi nikija na viti vyangu na drai zangu za kukaushia nywele, nafasi ni yangu. Nisipokuja navyo, kuna Mfilipino anangoja. Nina dirhamu mia nne na themanini, na hiyo themanini nimeitoa kwa watu watano. Tafadhali jamani. Mathe, umenisikia?"

"Nimekusikia, mwanangu," alisema Bi Masuda. "Ni yako."

"Twaibu?"

Twaibu, Mganda wa makontena, mtu wa kitambi na kicheko, aliweka mkono kifuani. "Mimi nani nipigane na mwanamke anayeshika mkasi?"

Kufuli lilikatwa. Mlango ukapanda juu kwa kelele. Ndani kulikuwa na viti vitatu vya kuzunguka, vya ngozi nyekundu, drai mbili zile za kofia, sinki la kuoshea nywele na kioo kirefu kilichofunikwa shuka. Ngozi haikuwa na mchaniko hata mmoja. Bi Masuda alivitazama kama mtu anavyotazama watoto wa jirani walivyokua. Kulikuwa na mama mmoja wa Tanga aliyemsumbua tangu Ramadhani amtafutie vitu vya saluni, na kontena la mama yule lilikuwa linafungwa wiki ile ile.

Lakini ilikuwa ya Teresiah, na yeye alikuwa ameshasema.

Dalali, bwana mmoja wa Kerala mwenye haraka ya chakula cha mchana, alianzia mia mbili. Mpakistani mmoja ambaye hakuwemo kwenye kuachiana akapandisha, Teresiah akapandisha, yule akafika mia nne, Teresiah akasema mia nne na hamsini kwa sauti ya mtu anayejitupa majini. Mpakistani akatikisa kichwa, akaingiza mikono mifukoni. Teresiah alianza kutabasamu.

Hapo ndipo msikiti wa jirani ulipoadhini adhuhuri.

Sasa, Bi Masuda alikuwa amelelewa na bibi mkali wa dini. Bibi yule alimfundisha mambo mawili ya adhana, naye aliyashika kama alivyolishika jina lake. La kwanza, mwadhini akianza, ulimi wako ni wake: unamjibu yeye, huongei na mtu. La pili, akifika kwenye shahada, unainua kidole, ili nacho kishuhudie.

Mwadhini akafika kwenye shahada. Kidole cha Bi Masuda kikapanda.

"Mia tano kwa Mama!" akapiga kelele dalali.

Watu wakageuka. Midomo ya Bi Masuda ilikuwa ikicheza polepole, inamjibu mwadhini. Teresiah alikuwa amekodoa macho. Bei ilikwenda kwa hamsini hamsini, na mia tano na hamsini hakuwa nayo.

"Mia tano mara ya kwanza! Mara ya pili! Mama, sawa?"

Mama hakujibu. Kidole kilikuwa juu.

"Khalas! Imeuzwa!"

Adhana ilipokwisha na dua yake, Bi Masuda akapata ulimi. "Bwana, mimi sikununua! Nilikuwa namshuhudia Mwenyezi Mungu!"

"Mama, kidole ni kidole," alisema dalali, akiandika. "Mimi nimeuliza, wewe hukukataa. Usipolipa, hapa huingii tena. Yalla, twende kula."

Twaibu alikuwa ameegemea ukuta anacheka mpaka machozi. "Hajjati! Leo umetuletea mnada wa Sunna! Wallahi kesho na mimi nakuja na tasbihi!"

"Sijahiji, usiniite Hajjati."

Teresiah hakucheka. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa mtandio wa Bi Masuda. "Mathe. Si nilikuuliza? Si ulisema ni yangu? Ulinitazama hivi, kwa macho, ukaniita mwanangu!"

"Teresiah, ni adhana. Bibi yangu..."

"Mwache bibi yako alale! Wote hapa wameisikia hiyo adhana. Twaibu si Muislamu? Mbona kidole chake kilikuwa mfukoni?"

"Mimi Muislamu wa Ijumaa," alisema Twaibu.

"Nakuja kwako jioni," Teresiah alimwambia Bi Masuda. "Na usiguse kitu changu. Hata shuka usifunue!"

Bi Masuda alilipa, akapewa funguo mbili za kufuli jipya na siku mbili za kuhamisha. Twaibu alimsindikiza mpaka kituo cha metro, sauti imelainika. "Sikiliza, Hajjati. Elfu moja. Nakuja na pikapu kabla ya magharibi, wewe unanipa ufunguo, khalas. Mnada ni mnada. Yule binti atalia wiki moja, atapata kazi nyingine."

"Nitafikiri."

"Unafikiri nini? Mungu amekuinulia kidole mwenyewe!"

Maneno hayo yalimkaa Bi Masuda rohoni kama mwiba wa samaki. Alisali alasiri, akabaki kwenye mswala. Ukweli ulikuwa upande wake, hilo alilijua. Shahada ilimwinua kidole, si tamaa. Angeweza kusimama mbele ya yeyote akalisema hilo bila kutetemeka. Tena mia tano ilikuwa imetoka kwenye kibindo chake, si cha mtu, na mama wa Tanga angelipa hata elfu moja na mia mbili.

Akairudia adhana ile moyoni, kituo kwa kituo, kama mtu anayetafuta pete aliyoiangusha njiani. Akafika mahali fulani akasimama. Akairudia tena kutoka mwanzo. Akasimama pale pale.

Angella alikuwa kwenye ujia anapiga pasi Teresiah alipoingia, bado amevaa viatu, kitu ambacho katika fleti ile hakuna aliyekifanya.

"Nimeleta mia nne na themanini," alisema, amesimama. "Na nimeleta swali moja. Ulifanya makusudi?"

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Sikai. Nyinyi watu wa dini mna kitabu. Shika kitabu chako, apa kwamba hukukusudia. Ukiapa nitaamini, Jumamosi nitaenda kwa Madam nimwambie bahati mbaya, na hutanisikia tena. Lakini uape."

Bi Masuda aliutazama msahafu wake rafuni, umefungwa kitambaa cha kijani. "Mimi siapi kwa biashara. Marehemu alinikataza. Alisema anayeapa sokoni anauza dini kwa bei ya samaki."

"Umeona!" Teresiah alimgeukia Angella. "Umeona ujanja?"

"Apa tu, Mama," Angella alisihi, pasi mkononi. "Si ni kweli? Kitu cha kweli kinaogopa nini?"

Nje honi ililia mara tatu, na muda si mrefu Twaibu akajitokeza mlangoni, jasho limemlowesha, noti amezikunja kiganjani. Alipomwona Teresiah alirudi hatua moja, kisha akaona aibu ya kurudi akasimama. "Asalaam aleikum. Hajjati, pikapu iko chini, nimeiegesha vibaya, polisi wasinikute."

"Ngoja, Twaibu. Nawe usikie, ili usije ukalisimulia vingine." Bi Masuda alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono magotini. "Teresiah, ingekuwa ni kweli yote, ningevunja wasia wa mume wangu, nikaapa. Kidole changu kilipanda kwa shahada. Wala sikujua dalali ananitazama. Lakini shahada ina mwisho wake. Mwadhini ameshapita, ameshafika anaita watu kwenye sala, dalali ananiuliza, 'Mama, sawa?', na kidole changu bado kiko juu. Kusema sikuweza, kweli. Kukishusha ningeweza. Nilikuwa navitazama vile viti vyekundu. Nikisema moyoni, ah, vinapendeza."

Pasi ilitoa mvuke.

"Kwa hiyo sijui nikuambieje," aliendelea. "Kupanda kilipanda kwa Mungu. Kushuka ndiko kulikochelewa, na ucheleweshaji huo ni wangu."

Twaibu alipiga kofi paja lake. "Mama wewe! Nani amekuuliza hayo? Mtu ana kesi ameshinda, anaita mashahidi wamfunge!"

"Rudisha pesa zako mfukoni, Twaibu. Shuka ukaiondoe pikapu yako kabla polisi hawajafika." Bi Masuda aliinuka, akafungua fundo la kanga yake, akatoa zile funguo mbili na kuziweka juu ya meza ya pasi, mbele ya Teresiah. "Wewe ulifika mia nne na hamsini. Nipe hiyo hiyo. Ile hamsini iliyozidi ni yangu, nimeinunulia adabu. Thelathini iliyobaki warudishie waliokukopesha."

Teresiah alizitazama funguo. Alimtazama Bi Masuda, kwa muda mrefu, kama anavyotazama nywele za mteja kabla ya kuamua aanzie wapi. Alizitoa noti kwenye pochi, akazihesabu kwa kidole gumba, akaziweka mezani, akazinyoosha kona. Akachukua funguo.

"Jumamosi nitakuja unisuke," alisema Bi Masuda. Sauti yake, ambayo haikutikisika mbele ya dalali wala mbele ya Twaibu, ilitikisika kidogo hapo. "Mistari ya kawaida tu, ya mtu mzima. Utanipokea?"

Angella alimkazia macho Teresiah, akimhimiza kwa kidevu. Twaibu naye, aliyekuwa hajaondoka, alisogea kando kuuachia mlango nafasi.

Teresiah aliziingiza funguo ndani ya sidiria, mahali anapoweka mwanamke kitu asichotaka kipotee tena. Akafunga pochi. Akapita kati ya Twaibu na meza ya pasi, akatoka.