Fundi Zipu Anajiandaa

Siku binti yake alipochaguliwa kusomea uuguzi, Fundi Zipu alisimama katikati ya kibanda chao cha cherehani, akapiga kifua na kutangaza kwamba koti jeupe la siku ya kiapo atalishona yeye, kwa mkono wake, na asithubutu mtu kuleta la dukani. Binti akatabasamu, akashukuru. Wateja wakapiga makofi. Makofi yale yalimharibu kabisa, maana aliona koti limeshakwisha.

Tatizo lilikuwa dogo tu: hakujua kushona koti. Miaka yote alikuwa akibadilisha zipu, na kwa zipu, tuseme kweli, hakuwa na mpinzani. Aliitia suruali zipu huku anagombana na mteja na chai inapoa pembeni. Lakini koti lina kola, lina mabega, na mikono ya koti haiingii begani kwa maneno.

Basi akaanza kujiandaa. Alinunua mkasi mpya. Halafu kastabini inayong'aa, ya kukinga kidole na sindano. Halafu akahamishia cherehani dirishani, kwa kuwa koti linataka mwanga. Baadaye akairudisha, kwa kuwa mwanga unaumiza macho. Akatafuta sanamu ya kupimia nguo, akaisimamisha mlangoni, akawa anaongea na watu huku ameiwekea mkono begani kama mchumba. Kitambaa hakukigusa.

Kwenye cherehani ya pili aliketi mwanamke ambaye wote walimwita Shangazi, ingawa pale hakuwa shangazi wa mtu. Naye kazi yake ilikuwa kupunguza sketi na kutia viraka. Ila kila asubuhi, kabla ya wateja, aliokota mabaki ya vitambaa, akaunganisha bega na mkono, akautazama, akaguna, akafumua. Kesho yake tena.

"Shangazi, unamshonea nani hayo, jini?" Fundi Zipu alimchokoza. "Naona mikono tu, mwenyewe hatokei."

"Mkono huu umenikunjika hapa nyuma," Shangazi alijibu, bado anafumua.

"Pole yako. Mimi nitashona mara moja, basi. Ufundi uko kwenye damu."

"Haya, tutaiona hiyo damu."

Damu ikaendelea kupumzika. Binti akija likizo aliuliza, "Baba, koti vipi?"

"Lipo kichwani, mwanangu. Limebaki kushuka tu."

Lilishuka wiki ya kiapo, kwa haraka na matusi. Kitambaa kilikuwa na upande unaong'aa na upande uliofifia. Akakata mkono mmoja, akaiweka tena karatasi ya kipimo vilevile bila kuigeuza, akakata wa pili. Kila anayejifunza hukosea hivyo mara ya kwanza, kwenye mabaki, akajicheka na kazi ikaendelea. Yeye alikosea kwenye koti lenyewe. Akashona, akapiga pasi, akapiga na mluzi.

Asubuhi ya kiapo binti alikuja kulichukua. Akaingiza mkono wa kushoto, sawa. Akaingiza wa kulia, kiwiko kikagoma, kiganja kikaelekea nyuma kama anapokea hongo.

"Nyoosha," baba alisema.

"Nimenyoosha."

"Basi simama vizuri. Ni mkao wako huo."

Binti akasimama vizuri. Koti likazidi kujikunja. Fundi Zipu akamzunguka, pini mdomoni, ndipo akaona: mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Muda wa kufumua haukuwepo, na hata ungekuwepo asingejua aanzie wapi.

Binti akalivua, akalikunja kwa heshima. Kisha akafungua mkoba, akatoa koti jingine jeupe, akalivaa. Mabega yakatulia mahali pake.

"La dukani hilo?" baba aliuliza.

"La Shangazi."

Shangazi akainamia cherehani yake kama vile sindano imepotea.

"Ulimwomba lini? Jana?" Jana angeisamehe.

"Siku ileile uliyoniahidi, Baba," binti alisema huku anafunga vifungo. "Akaniambia hajui makoti, ila muda upo, atajifunza."

Fundi Zipu alimtazama usoni akitafuta hasira, apate angalau cha kujibizana nacho. Haikuwepo. Binti alikuwa anamwangalia kwa upole, vilevile alivyotabasamu siku ile ya ahadi, na hilo lilimuuma kuliko koti.