Mikeka ya Majira Yote

Gari lilifika Mbeya mwezi wa Machi, mwaka 1976, likakuta mvua, na mvua ya Mbeya haimwonei mtu haya. Lilikuwa Datsun jeupe, ndani limetandikwa zulia jekundu. Andendekisye, mhasibu wa ushirika wa tumbaku, alikuwa bado hajashusha hata mguu wa pili alipotangaza kwamba zulia hilo halitakanyagwa na mtu mpaka ipatikane mikeka. Mkewe Tusekile alikuwa amesimama kibarazani, amevaa viatu vya kanisani, mkoba mkononi. Akarudi ndani akavivua.

Tusimcheke kwa kuvaa mapema. Aliahidiwa. Tangu mumewe alipoanza kuhangaikia kibali cha gari, wimbo ulikuwa mmoja tu: "Siku likija, Mama Yudith, kiti cha mbele ni chako. Nakupeleka Kihesa, unashukia mlangoni kwa dada yako." Huyo dada, Tupokigwe, kaolewa hapo Kihesa, Iringa, na mtu mwenye gari, na kila akija Mbeya hushukia mlango wa mbele: mguu mmoja kwanza, halafu mkoba, halafu mguu wa pili, polepole, utadhani majirani wamelipa kiingilio. Tusekile aliitamani ile namna ya kushuka. Aliitamani vibaya, na sioni sababu ya kumsitiri: mwanamke mzima, mwimbaji wa kwaya, alikuwa akifanya mazoezi ya kushuka kwenye kiti cha jikoni.

Basi, mikeka. Kazi ya Andendekisye ilimpeleka Chunya mara kwa mara, kwenye vumbi lisilo na adabu, na nyumbani kwake kulikuwa na matope ya kumvua mtu kiatu. Kwa hiyo alitaka mikeka ya majira yote: isiyokunywa maji, isiyoshika vumbi, isiyoteleza, isiyonuka. Mke, nadhani, alimchagua kwa masharti machache kuliko hayo.

Alizunguka mji mzima, akarudi na vipande vinne, akavipanga sebuleni kama mwamuzi wa maonyesho ya kilimo. Kulikuwa na mkeka wa milulu, majani ya kinamasini, uliosukwa Iringa, zawadi ya Tupokigwe. Kulikuwa na kipande cha kapeti kuukuu cha ofisini. Kulikuwa na mpira wa tairi la lori, uliokatwa na fundi wa viatu vya makatambuga wa Mwanjelwa. Na kulikuwa na mpira mweusi wa dukani, Uhindini, wenye vijumba vidogo vidogo na ukingo ulioinuka pande zote. Kisha akamwita mkewe.

"Mama Yudith, toka nje ukanyage matope, halafu uje ukanyage hapa."

"Nikanyage mimi?"

"Nani mwingine? Mimi naangalia."

Tusekile akatoka, akakanyaga, akarudi, akakanyaga. Mumewe alikuwa amepiga magoti, shavu karibu na sakafu. "Kwa nguvu! Kanyaga kama mtu aliyetoka kuvuna viazi. Geuka. Sasa telezesha mguu." Mkeka wa milulu ukanywa maji yote ukabaki unadai mengine. Kapeti ikachafuka kiasi kwamba nayo ilihitaji kutandikiwa mikeka. Mpira wa tairi ulikuwa mgumu, ukakataa kulala chini, tena ulinukisha sebule nzima. Lakini ule mweusi! Matope yaliingia kwenye vijumba vyake yakatulia humo, wala tone halikuvuka ukingo.

"Huu!" Andendekisye alipiga kelele kama aliyefunga goli. "Huu ndio wenyewe!"

"Tunakwenda lini Kihesa?" aliuliza Tusekile, mguu mmoja ukiwa bado hewani.

"Mvua ikikatika."

Mikeka ikanunuliwa, ikatandikwa, ikapendeza. Na kwa kuwa ilipendeza, Andendekisye akaitandikia magazeti juu yake isichafuke. Mvua ikinyesha, gari halitoki. Ikawa mikeka ya majira yote ndani ya gari la kiangazi. Anayeligusa avue viatu, anayekula asilisogelee. Hata Yudith, mtoto wa damu, alilitazama gari la baba yake kupitia dirishani. Likipigwa honi, watu wa nyumba ile walitawanyika.

Hapo Tupokigwe akatuma salamu kwamba kitinda mimba wake anabatizwa Jumapili, na kwamba anamsubiri mdogo wake aje na hilo gari lake wanalolisikia tu. Andendekisye alitazama mawingu, akamtazama mkewe, akaona hana pa kutokea. "Jumamosi tunaondoka," alisema. Usiku ule Tusekile alipiga pasi gauni lile lile mara mbili, kwa furaha tu.

Alhamisi akaja Baba Mkwe kutoka Tukuyu.

Hapa lazima nimweleze asiyejua, maana anayejua ameshashika kichwa. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtu na baba wa mumewe hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Mke akisikia kikohozi cha mkwe anajificha. Hamtaji jina, hali naye, hakalii kiti alichokalia yeye. Watu wengi wa mjini siku hizo walikuwa wamelegeza kamba, lakini si hawa wawili. Tangu aolewe, Tusekile amempikia mzee huyu na kumfulia blanketi, na alichokijua kwake ni kikohozi na mgongo. Jina lake yeye halitaji, na mimi ninayesimulia nikiwa upande wake sitalitaja.

"Iringa?" alisema Baba Mkwe alipoambiwa habari ya safari. "Vizuri. Nami nakwenda, nikamwone Ezekia tuliyechuma naye chai Mufindi." Baba hakataliwi, na baba hapandi nyuma. Kiti cha mbele kikawa kimekwenda.

Tusekile alikuwa jikoni, nyuma ya mlango, na alisikia kila neno. Alimsikia pia mumewe akijaribu usasa wake.

"Baba, hizo mila za kuogopana zimepitwa na wakati. Gari ni moja, mtakaa humo wote mtulie."

Baba Mkwe alikuwa amesimama peku kibarazani kwenye baridi, viatu mkononi, kwa sababu mwanawe alikuwa amemwomba avivue kabla ya kulikaribia gari. Aliitazama miguu yake, akamtazama mwanawe.

"Mila zipi hizo?" aliuliza.

Andendekisye akatafuta kitenge kizee na kamba, akafunga pazia katikati ya gari, mbele kwa baba, nyuma kwa mke. Tusekile aliingia nyuma Jumamosi asubuhi, kanga kichwani, mkoba na viatu vya kanisani vikiwa mapajani, Yudith kaachwa kwa jirani. Alilia kidogo, kimyakimya. Ingekuwa uongo kusema alilia kwa sababu ya mila. Alililia kiti.

Maili zote za kwanza alizitumia kutazama ua moja la kitenge. Mbele Baba Mkwe alikohoa, mwanawe akamwomba asiinue magazeti kwa visigino. Walipokaribia Igawa, gari likapunguza mwendo. Lori la mafuta lilikuwa limepinduka katikati ya lami, na magari yalikuwa yakipitia pembeni, kwenye shamba la mtu, kwenye ule udongo mweusi wa Usangu ambao ukikushika hauna haraka ya kukuachia. Datsun liliingia kwa madaha, likaenda hatua chache, likakaa.

Andendekisye alikanyaga mafuta. Tairi zikazunguka, gari likazidi kuzama. Ilibidi lisukumwe, na anayejua kuendesha alikuwa yeye peke yake. Baba Mkwe akashuka mlango wa mbele. Tusekile akangoja kikohozi kifike nyuma upande wa kushoto, akajifunika kanga usoni, akashukia wa kulia.

"Tieni kitu chini ya tairi!" alisema dereva.

Lakini tambarare ile haikuwa na jiwe wala tawi.

"Mikeka," alisema Baba Mkwe.

Ndani ya gari dereva akaukumbatia usukani kama mtu aliyeambiwa atoe mtoto wake. Halafu, mmoja mmoja, mikeka ikatolewa dirishani.

Mzee akaitia chini ya tairi, akaegemeza bega lake kwenye buti, akilitazama tairi tu. "Wewe gari," alisema, "aliyeko kulia asukume kutoka chini, asisukume juu."

Tusekile alishtuka. Tangu aolewe, hilo lilikuwa neno la kwanza kutoka kwa mzee huyu lililomlenga yeye. Naye akalijibu gari. "Gari, mwambie aliyesema kwamba nimesikia."

"Gari, mwambie ajiweke mbali na tairi, litamrushia."

Likamrushia. Likamrushia na mzee, kuanzia magoti hadi nyusi, na wote wawili wakabaki wanatema udongo. Halafu Baba Mkwe akacheka. Kilikuwa kicheko chembamba cha kitoto ambacho Tusekile hakukitarajia kabisa kutoka kwa kikohozi kile kizito, na yeye chake kikamponyoka, akacheka hadi kanga ikamwanguka, lakini uso wake ulikuwa umefunikwa vizuri zaidi na matope.

"Gari," alisema mzee, bado amegeukia upande mwingine, "mwambie ana nguvu. Ndaga, asante."

Wakasukuma tena, Datsun likapiga kelele, likatoka, likapanda lami. Andendekisye akashuka. Akawatazama baba yake na mkewe wakija, na hofu ikamjaa usoni.

"Msipande!" alisema. "Ngojeni kwanza. Bila mikeka zulia litakwisha. Naichimbua, naiosha, halafu nanyi mnajiosha, tunaondoka." Akakunja suruali, akarudi shambani kuchimbua mikeka yake.

Baba Mkwe na Tusekile walisimama kando ya lami, kila mmoja akitazama upande wake. Nyuma yao lori la mpunga likajikwamua kutoka kwenye matope. Mzee akainua mkono.

"Wewe lori," alisema lilipotulia, "kuna mtu hapa anakwenda Kihesa. Mpe kiti cha mbele. Mimi nitakaa juu ya magunia."

Dereva, Msukuma aitwaye Maganga, alitoa kichwa dirishani. "Mzee, lori halisikii. Anayesikia ni mimi."

"Basi sikia wewe."

Tusekile akauvuta mkoba wake kupitia dirisha la Datsun, akasita mlangoni mwa lori. "Nimechafuka, kaka."

"Mama, hili ni lori. Panda bwana, tunachelewa."

Akapanda. Chini hapakuwa na zulia wala mkeka, ni bati tupu na maganda ya karanga. Akaweka miguu yake yote miwili chini, na matope yake, na hakuna aliyesema kitu. Kioo cha mbele kilikuwa kipana kuliko dirisha la sebuleni kwake. Aliiona Makambako ikija badala ya kuiona ikipita, akaona milima, mvua ikianza na ikiacha, na alifurahi, alifurahi mpaka akaanza kuimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya, na Maganga, asiyeujua, akapiga mluzi kadiri alivyoweza.

Kihesa walikuwa wamejipanga nje wakisubiri Datsun. Lori likasimama. Mlango wa mbele ukafunguka, ukatoka mguu mmoja wenye tope kavu, halafu mkoba, halafu mguu wa pili, polepole.

"Mungu wangu," alisema Tupokigwe. "Gari lenu liko wapi?"

"Lipo. Mwenyewe anaosha mikeka." Akaingia ndani haraka, ili mzee aliyeko kwenye magunia aweze kushuka.

Andendekisye alifika jioni, safi, peke yake ndani ya gari safi, na shemeji zake wakamuuliza alikuwa amebeba nini hata mkewe na baba yake wakaja kwa lori. Aliulizwa hivyo hivyo kanisani Jumapili. Baada ya ubatizo hakumaliza hata chai yake.

Jumatatu ilikuwa safari ya kurudi. Baba Mkwe alibaki kwa Ezekia, pazia la kitenge likang'olewa. Ndugu wote walitoka kuaga, pamoja na majirani, na Andendekisye, aliyekuwa ameonja aibu ya kutosha, akafungua mlango wa mbele kwa mkono wake. Mikeka ilikuwa ikimeremeta. Magazeti hayakuwapo.

"Mama Yudith," alisema kwa sauti ya kusikika, "karibu mbele. Kiti chako."

Tusekile alikitazama kile kiti. Alikitaka bado, nisidanganye. Alikitaka kwa miaka yote ile ya ahadi. Lakini alimkumbuka mume wake akirudi shambani na suruali imekunjwa, akamgeukia bila hasira.

"Hapo alikaa baba yako," alisema kwa upole. "Sikai."

Akafungua mlango wa nyuma mwenyewe. Akaingia na viatu vyake miguuni, akakaa katikati, akaweka mkoba pembeni yake na mkono juu ya mkoba.

"Mama Yudith," Andendekisye alinong'ona, "watu wanatazama."

"Nawaona. Washa gari."

Miaka ile, waliokaa nyuma peke yao katika gari dogo, na mwanamume mbele kwenye usukani, walikuwa mameneja na wakuu wa wilaya. Jirani mmoja, Damari, akauliza kwa heshima yule mama ni wa ofisi gani. Andendekisye akawasha, akaliondoa gari taratibu, shingo imenyooka kama ya dereva wa serikali, na Tusekile akainua kiganja kuwaaga.

Tupokigwe alilitazama gari mpaka likapinda kona. Halafu akamgeukia mumewe akamuuliza kwa nini miaka yote hii amekuwa akimkalisha mbele.