Hapana ya Tatu ya Soren Haugdahl

Serikali ya Marekani ina manowari zinazolala chini ya bahari na mitambo angani inayoweza kusoma namba ya gari kutoka juu ya mawingu. Hata hivyo, majira yale ya baridi, serikali hiyo yote pamoja na mitambo yake ilikuwa imeshindwa kumpata Soren Haugdahl, kijana wa kaskazini mwa Minnesota, ambaye wakati wote huo alikuwa ameketi juu ya ndoo akitazama tundu la kuvulia samaki kwenye barafu.

Jukumu la kumpata lilikuwa limemwangukia Bi Verna Stromquist, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke mfupi mwenye kofia ya manyoya iliyofanana na paka aliyefariki kwa amani. Alikuwa mdadisi wa utafiti wa serikali. Kila baada ya miaka kadhaa, serikali huchagua kwa bahati nasibu baadhi ya vijana wanaoingia chuo kwa mara ya kwanza, kisha huwafuata miaka sita ili ijue wameishia wapi. Soren alichaguliwa. Mwaka wa kwanza alijibu maswali yote kwa furaha, hata lile la ubora wa chakula cha bwenini. Mwaka wa tatu hakupokea simu. Sasa ulikuwa mwaka wa sita, alikuwa amepokea simu mbili tu kisha akapotea, dodoso lingefungwa Jumamosi, na kanuni haikuruhusu mtu mwingine kukaa kwenye kiti chake. Aliyechaguliwa ndiye huyohuyo, awe mfalme au awe kwenye ndoo.

Jumatano asubuhi msimamizi wake, Curtis Pettway, alipiga simu kutoka makao makuu, mbali kusini ambako watu huvaa kaptura mwezi Februari.

"Bi Verna, faili la huyo Haugdahl lifunge. Amekataa mara mbili."

"Amekataaje?"

"Nimesikiliza simu zenyewe. Ya kwanza kasema, 'Hapana, asante, niko sawa.' Ya pili kasema, 'Hapana, msijisumbue.' Kanuni inasema hapana mbili, basi."

"Curtis mwanangu, kwenu mtu akikukaribisha kahawa unafanyaje?"

"Nakunywa."

"Ala! Mara ya kwanza tu?"

"Sasa ningoje nini, ipoe?"

Bi Verna alihema kama mtu aliyesikia habari za msiba. "Huku kwetu mtu akikubali kahawa mara ya kwanza, wenye nyumba wanaanza kuhesabu vijiko. Mara ya kwanza unasema hapana, asante, niko sawa. Mara ya pili unasema msijisumbue. Mara ya tatu ndipo unasema, haya, nusu kikombe. Huyo kijana bado hajakataa. Amesafisha koo tu."

"Niwaandikie wakubwa hivyo? Kwamba amesafisha koo?"

"Kwa herufi kubwa."

Curtis alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Utamuuliza mara moja, Bi Verna. Akisema hapana, ni hapana. Hakuna sheria inayomlazimisha. Nisisikie umemkalia kifuani."

"Sijamkalia mtu kifuani tangu nistaafu," alisema Bi Verna, akakata simu.

Hakuwa mtu wa kufunga faili kirahisi, na alikuwa na sababu ya kihesabu. Waliomaliza chuo hupokea simu kabla haijalia, tena hutaka kukutumia na picha ya joho. Walioacha njiani hujificha. Wakijificha wote, taarifa itatoka na sura nzuri kama bibi harusi, na wakubwa watasoma kwamba vyuo havina tatizo, na hakuna kitakachorekebishwa. Bi Verna alifundisha sekondari miaka mingi. Aliwajua kwa majina wanafunzi waliokwenda chuo na kurudi kimyakimya, wala hakuna aliyewauliza kulikoni. Huyu mmoja angeulizwa. Aliapa, na paka wa kichwani akiwa shahidi.

Nyumbani kwa akina Haugdahl, mama yake Soren, Jodi, alifungua mlango akiwa na kitambaa cha jikoni begani.

"Ingia upate kahawa."

"Hapana, asante, niko sawa."

"Ipo tayari jikoni."

"Aa, usijisumbue."

"Na keki nimekata."

"Haya, nusu kikombe," alisema Bi Verna, naye akamiminiwa kikombe kizima mpaka ukingoni, kama ilivyo haki.

Lakini aliposema amemfuata Soren, uso wa Jodi ulifungwa kama duka. "Amefanya nini?"

"Hajafanya lolote. Ni maswali tu."

"Basi niulize mimi. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Siwezi, mama. Nina ruhusa ya kumuuliza yeye tu."

"Najua majibu yake yote. Namba ya kiatu, mzio wa karanga, yote."

"La kiatu halimo."

Jodi alikunja kitambaa, akakikunjua. "Tangu arudi hasemi kitu. Anakaa huko ziwani kutwa, na hata samaki haleti. Ukimtoa neno kinywani, uje uniambie."

"Hilo pia siwezi. Majibu yake ni siri yake."

Mama wa watu alimtazama mgeni wake kwa muda, akipima kama mtu anayemnyima mama habari za mwanawe anafaa kupewa keki. Mwishowe akamfungia vipande viwili. "Kibanda cha bluu, nyuma ya kisiwa. Usipite upande wa mto, barafu ya kule ni nyembamba."

Ziwa lilikuwa limeganda toka Desemba na magari yalipita juu yake kama barabarani. Bi Verna aliendesha taratibu, mkanda ameufungua na kioo amekishusha ili atoke upesi barafu ikivunjika, kama afanyavyo kila mwenye akili anapoendesha juu ya maji. Kibanda cha bluu kilikuwa peke yake, kikitoa moshi. Aligonga.

"Karibu, funga mlango!" Huku hakuna anayemwacha mtu nje kwenye baridi ile, hata awe wa serikali.

Soren alikuwa kijana mkubwa mwenye ndevu nyekundu, na kibanda kilimbana kama shati la mdogo wake. Alipoona kitambulisho kwenye kamba shingoni mwa mgeni, alishusha mabega.

"Ni ninyi."

"Ni sisi. Samaki wanakula?"

"Wanakula vizuri, ila si chambo changu."

Walikaa wakitazama tundu kwa heshima zote. Walizungumza juu ya theluji, wakazungumza juu ya jirani aliyezamisha pikapu yake na sasa anadai ilikuwa ya zamani hata hivyo. Keki ililiwa, isipokuwa kipande cha mwisho, ambacho kila mmoja alikikata nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka ikabaki chembe isiyofaa hata kwa sisimizi.

Ndipo Bi Verna akavuta pumzi. "Soren, umeulizwa mara mbili, na mara mbili umejibu kama mtoto aliyelelewa vizuri. Mimi nakuuliza ya tatu. Ukisema ndiyo, tunaanza. Ukisema hapana, hutasikia tena simu yetu. Utajibu maswali?"

Alikuwa ameshaweka kidole kwenye kishikwambi. Hakuwa na shaka. Alikuwa ameitetea nusu kikombe hiyo mbele ya makao makuu.

"Hapana," alisema Soren.

Haikuwa na asante wala niko sawa. Ilikuwa hapana kavu.

Nadharia yote ya Bi Verna ilididimia tunduni bila kurusha hata tone. Alizima kishikwambi, akakitia kwenye mkoba, kwa sababu neno la tatu ni neno, na aliyeifundisha nchi sheria hiyo hawezi kuivunja. Akajipiga magoti kwa viganja.

"Haya basi. Ngoja niende."

Sasa, mtu wa huko akijipiga magoti namna ile hajaondoka. Ndiyo kwanza anaanza kuaga, na kuaga kwao kuna hatua nyingi kuliko kutawazwa kwa askofu. Alisimama, akasema tena atakwenda. Soren akasimama. Wakarudia habari za theluji. Bi Verna akavaa glavu moja. Wakarudia pikapu iliyozama. Akavaa ya pili, akashika kitasa, na hapo, mlango ukiwa nusu wazi na upepo ukiingia, Soren alisema akiwa amempa mgongo, akijifanya anapanga kuni.

"Barua yenu ile ya mwaka wa kwanza ilisema kila mmoja wetu anasimama badala ya mamia."

"Ndivyo."

"Mimi niliacha mwaka wa pili. Nawafikiria hao mamia, mama. Nimewaangusha wote."

Bi Verna aligeuka. Aliyekuwa mwalimu wa hesabu ndani yake alitaka kucheka, lakini uso wa kijana ulimzuia. "Hukumwangusha mtu, mwanangu. Wao waliacha wenyewe, kila mmoja kwa sababu zake, na wapo huko waliko. Wewe ndiye wa kuonyesha kwamba wapo."

"Na wale waliokwisha kujibu, wengi wamemaliza chuo?"

"Wengi."

"Kwa hiyo huko makao makuu itaonekana kama sisi tulioacha ni wachache tu."

"Itaonekana hivyo. Lakini umesema hapana, nami nimesikia."

Alivuta kofia masikioni, akatoa mguu mmoja nje.

"Baridi inaingia," alisema Soren. "Funga mlango." Bi Verna akaufunga akiwa nje. "Siyo hivyo! Uufunge ukiwa ndani! Rudi ukae. Nimebadili nia."

"Soren, sitaki ujibu kwa kunionea huruma."

"Sikuonei huruma wewe. Nawaonea wao. Washa kitu hicho."

Kishikwambi kilichukua muda kuwaka, na vidole vya Bi Verna vilikuwa vimekufa ganzi. Alisoma swali kwa sauti ya darasani: kwa nini uliacha chuo? Fedha, familia, masomo, au nyingine?

"Nyingine."

"Kuna nafasi ya kueleza. Kwa kifupi, wanasema."

"Sitafupisha." Alivuta ndoo karibu, akainama mbele, viwiko magotini. "Andika hivi. Maabara ya kemia ilianza saa mbili asubuhi. Nyumbani tulikuwa na ng'ombe, na baba alikuwa ameumia mgongo, kwa hiyo mwaka wa pili nilihama bweni nikarudi kusaidia. Nilikamua, nikaendesha gari mpaka chuo, nikafika nimechelewa kila siku. Niliomba kikundi cha mchana. Ofisi moja ikanipeleka ya pili, ya pili ikanirudisha ya kwanza. Kikundi cha mchana kilikuwa na viti vitupu, niliviona kwa macho yangu. Wakanifelisha kwa mahudhurio. Sikushindwa kemia. Andika hilo peke yake: sikushindwa kemia."

"Taratibu. Viti vitupu..."

"Hivyo viti, umeandika na kwamba niliviona?"

"Nimeandika."

"Soma nisikie."

Alisoma. Soren alisikiliza amefumba macho, akamsahihisha mahali pawili, akataka neno "kila siku" lirudishwe lilipokuwa.

"Swali linalofuata," alisema.