Visi ya Ralanti

Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Bisimwa, dereva wa Commandant wa kambi ya jeshi, alikuwa hata hajafika ya ishirini, masikini, asubuhi ile gari lilipozimika mara tatu katika ua wa nyumba ya bosi wake, mtaa wa Muhumba. Ukienda mbele, Mercedes ile kuukuu inakwenda vizuri. Ukisimama na kugeuza volani, yaani usukani, ili utoke getini, pu! moteri inakufa.

"Kuna mutu anataka kuniua," akasema Commandant, amejikalia mwenyewe kwenye volani. "Kesho ninashuka Luberizi. Ikinizimikia kwenye kona za mulima kule, miye nimekwisha. Muniletee fundi!"

Fundi alikuwa Papa Philémon. Kwenye karatasi za serikali jina hilo lilikatazwa, kama majina yote ya Kikristo, lakini mtaa wake wa Cimpunda wote ulimwita hivyo. Ndiye aliyemfundisha Bisimwa kuendesha, na ndiye aliyelitengeneza gari hili mwezi uliopita. Commandant hakumsalimia.

"Weye ndiye wa mwisho kuigusa. Unionyeshe ubaya wake, ao unalala cachot, gereza ya kambi."

Bisimwa alisimama pembeni. Ubaya aliujua. Kila juma alifyonza bidoni moja ya essence, petroli ya gari hili, akampa shemeji yake mwenye pikipiki. Ili upungufu usionekane, alishusha ralanti, ile pumzi ya moteri gari likiwa limesimama, kwa kulegeza visi moja tu, skrubu ndogo kama punje ya mahindi, ili gari linywe kidogo. Nani angemwambia, jamani, kwamba volani ya gari hili inasukumwa na pompu, na pompu yenyewe inakula nguvu ya moteri?

Papa Philémon akainama. Akabonyeza mukanda wa pompu. "Mukanda iko muzuri." Akaangalia mafuta ya volani. "Iko muzuri." Akapiga matairi teke. "Upepo iko." Kila "iko" ilimsogelea Bisimwa hatua moja. Mzee akainua magurudumu ya mbele kwa kriki, ile jeki yake, ili volani iwe nyepesi, akaigeuza. Moteri ikayumba, lakini haikufa.

"Ah! Moteri iko na njaa," akasema. "Haina nguvu ya kubeba pompu." Akawasha tochi, akaingiza kichwa karibu na karburateri. "Visi ya ralanti iko na alama mupya. Turnevisi ilipita hapa."

Akachomoa turnevisi, bisibisi yake, akaikaza kidogo. Moteri ikavuta pumzi. Akashusha gari, akageuza volani mpaka mwisho, huku na huku. Haikuzimika.

"Nani aliilegeza?" akauliza Commandant.

"Miye niliiacha muzuri, mon commandant."

"Wanaofungua kapo ya moteri ni watu wawili tu." Commandant akamgeukia dereva. "Ni weye?"

"Hapana, mon commandant! Miye sigusi moteri."

Mdomo ulijibu kabla ya moyo. Mzee akamtazama tu, wala hakumshitaki, na aibu ikamchoma Bisimwa kuliko kofi.

"Basi muzee apande," akasema Commandant. "Kule kambini atakumbuka."

Mzee akakalishwa nyuma pamoja na askari mlinzi wa Commandant. Commandant akakaa mbele, na nani aendeshe? Bisimwa, bila shaka. Mzee wa miaka ile, cachot ya simenti, fimbo: Bisimwa aliviona vyote barabarani kuliko barabara yenyewe.

Kwenye geti la kambi bariyeri ilikuwa chini. Ilibidi asimame, kisha ageuze volani yote kushoto. Mungu wangu, ife, akaomba. Ife mara moja tu, turudi na muzee aitengeneze tena. Lakini volani ikageuka laini, na moteri ikaendelea kuimba.

"Unaona, mutoto yangu," akasema Papa Philémon kutoka nyuma, kwa sauti ile ile ya zamani alipokuwa akimfundisha. "Sasa inageuka bila shida."

Mlinzi akaanza kuinua bariyeri. Bisimwa akashika ufunguo, akauzungusha. Moteri ikanyamaza.

"Tena?" Commandant akafoka.

"Hapana, mon commandant." Bisimwa akachomoa ufunguo. "Ni miye nimeizima. Na ile visi, ni miye vilevile."