Mtu wa Nne katika Orodha

Jordana Quintão aliitwa ndani, mbele ya tume ya chuo alichoomba kuingia, saa tatu na dakika kumi asubuhi, na kufika saa tatu na robo alikuwa ameshatoka. Watu watano waliketi nyuma ya meza ndefu, na kando yao kamera ilikuwa imesimamishwa kwenye miguu mitatu. Akapewa karatasi asome kwa sauti: kwamba yeye, kwa hiari yake, anajitambulisha kuwa parda. Kwao Brazili hilo ni jina la mtu asiyehesabiwa mweupe wala mweusi tititi, na sheria humweka fungu moja na weusi katika nafasi za mgawo za vyuo. Akasoma. Mama mmoja mwenye miwani akamwomba aachie nywele zake alizozibana. Akaziachia. Mwingine akamwomba ageuze uso, kushoto kisha kulia.

“Asante, binti. Majibu Alhamisi.”

“Basi? Hakuna swali?”

“Hakuna swali,” yule mama akasema kwa upole, akaangalia jina lililofuata.

Jordana alikuwa amejiandaa kusema mengi. Alitaka kumtaja baba yake, Adauto, mtu mweusi aliyekuwa akipaka rangi makabati katika kiwanda kimoja cha fanicha huko Ubá, na bibi yake aliyefua nguo za watu tangu akiwa na miaka tisa. Lakini tume haikuuliza ukoo. Ilitazama sura tu, kwa hoja kwamba anayembagua mtu barabarani haulizi kwanza bibi yake alikuwa nani. Hoja hiyo aliielewa. Mwaka juzi kijana mmoja, mtoto wa mwenye mashamba ya kahawa, nywele zake kama ndevu za mahindi, alijiandika pardo, yaani parda wa kiume, akaingia kusomea udaktari katika chuo hichohicho cha umma. Tume iliundwa ili kuwazuia watu kama yeye. Jordana mwenyewe aliwahi kutia sahihi waraka wa kuidai.

Alhamisi, jibu lilikuwa mstari mmoja kwenye simu: tamko halikuthibitishwa.

Baba yake alirudi kutoka kazini na vumbi la mbao kwenye nyusi. Marlúcia, mama yake Jordana, ambaye ni mweupe na hajui kuficha jambo, alimwambia kabla hajavua viatu. Adauto akanawa, akaketi, akapakuliwa ugali laini na maharage.

“Wamesema wewe si mtoto wangu?” akauliza.

“Hapana, baba. Wamesema sionekani.”

“Huonekani nini?”

Kwenye cheti chake cha kuzaliwa ameandikwa parda. Shuleni walimwita moreninha, yaani kibinti cha maji ya kunde, na upande wa mama yake walimsifu kwa “kuzaliwa mweupe”. Kila mtu alikuwa na jina lake la kumpa, na hakuna hata mara moja aliyoulizwa yeye anapenda lipi.

Adauto alikula hadi nusu ya sahani. “Sijui nimkasirikie nani,” akasema. “Hao watu wamewekwa pale ili wa kwangu wasiporwe. Sasa wa kwangu ndiye aliyerudishwa.”

Nafasi za fungu lile, la waliosoma shule za umma na wakajitambulisha kuwa weusi au parda, zilikuwa nne. Jordana alikuwa wa nne kwa alama. Wa tano, wa kuchukua nafasi yake akikataliwa, aliyepungukiwa kwa chini ya alama moja, alikuwa Tamires, ambaye kwa miaka miwili waligawana naye benchi moja, kitabu kimoja na chupa moja ya kahawa katika masomo ya jioni ya kujiandaa na mtihani wa chuo kwenye ukumbi wa parokia. Tamires alikuwa mweusi wa kutoulizwa. Tume ilikuwa imemwita pamoja na wa akiba wengine, na alikaa mbele yake kwa sekunde arobaini, alizihesabu.

Jumapili, wakila nyumbani kwa mjomba wa Jordana, Dirceu, neno lilitoka kama ilivyotarajiwa.

“Eti mpwa wangu, mwaka mzima unajipaka mafuta usiungue na jua, ikifika Januari ya kuomba chuo unageuka mweusi?” Dirceu akacheka, akajiongezea nyama. “Na hata weusi wenyewe wamekukataa. Sasa uko wapi, hewani?”

“Dirceu, nyamaza ule,” Marlúcia akasema.

“Natania tu.”

Jordana alicheka pia, kwa sababu alizoea kucheka pale. Kisha akaenda chooni akajitazama kwenye kioo muda mrefu, kushoto halafu kulia, kama alivyoambiwa na tume. Pua ilikuwa ya baba. Midomo pia. Ngozi ilibadilika kila alipousogelea mlango wenye mwanga. Akatoka bila kujua alichokiona.

Rufaa iliruhusiwa ndani ya siku tano, na barua pamoja nayo. Jordana aliandika usiku na mchana. Kitu alichokiweka mbele kabisa ni jambo lililompata akiwa na miaka saba. Baba yake alikuwa amemshika mkono kwenye duka kubwa, naye akilia kwa sababu amenyimwa biskuti. Mlinzi akaja, akachuchumaa, akamuuliza yeye: “Mtoto, huyu mtu unamjua?” Adauto alitoa kitambulisho. Wakaambiwa wangoje hadi Marlúcia aitwe kutoka kazini, na walingoja karibu saa nzima, watu wakiwapita na vikapu vyao. Baba yake hakurudi tena kwenye duka lile.

Alimpelekea Tamires barua, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumsomea, ingawa alijua ni ajabu kumpelekea huyo. Walikaa kwenye ngazi za parokia. Tamires alisoma mara mbili.

“Umeandika vizuri, shoga,” akasema.

“Lakini?”

“Hamna lakini.”

“Tami. Nakujua.”

Tamires alizikunja karatasi akazinyoosha tena. “Huyo mlinzi. Alimuuliza nani swali?”

“Mimi.”

“Ehe. Alikuwa anamlinda nani?”

Jordana akazitazama karatasi mikononi mwa mwenzake.

“Mimi na baba yangu tukiingia pale wanatufuata sote wawili,” Tamires akasema. “Hakuna wa kuchuchumaa. Sisemi hukuumia. Uliumia, na mzee wako aliumia zaidi. Nasema tu kwamba mimi ningekuwa kwenye meza ile, ningesoma hii barua halafu nisijue nifanye nini nayo.”

“Kwa hiyo nisikate rufaa.”

“Usiniulize hilo mimi. Kweli, Jo, mtu wa kuulizwa si mimi.” Akasimama, akakaa tena. “Kata. Usipokata nitaingia darasani kila siku nikijua ulininyamazia, na siku moja utanikumbusha. Ukikata ukashinda nitakuchukia kidogo. Afadhali hilo, nalijua namna yake.”

“Na kama kweli mimi siyo?”

“Siyo nini?”

“Sijui. Kinachotakiwa.”

“Basi tuko wawili tusiojua,” Tamires akasema, na kwa mara ya kwanza wakacheka, kisha wakaona si jambo la kuchekesha.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Jordana alitembea na barua mkononi. Aliufuta mkasa wa duka. Akaurudisha. Siku ya mwisho, baba yake alimkuta bado mbele ya kompyuta.

“Unaona aibu kunitaja?” Adauto akauliza.

“Naona aibu kukutumia.”

“Mwanangu, mimi sijawahi kusimamishwa na polisi nikiwa na wewe. Nikiwa peke yangu sikumbuki mara ngapi. Hata ndugu zangu nilikuwa nawaambia, nikienda mahali pagumu naenda na Jordana.” Alisema bila uchungu, kama anayeeleza njia ya mkato. “Kwa hiyo tume ina haki. Na wewe ni damu yangu, una haki. Sasa peleka, au usipeleke, ila kalale.”

Akapeleka, pamoja na duka, saa chache kabla ya muda wa rufaa kwisha.

Safari hii wajumbe walikuwa watatu, wote sura mpya, na walimweka dakika mbili. Mzee mmoja mweusi mwenye tai alimtazama kwa namna iliyomfanya atake kuomba radhi. Wiki iliyofuata jibu likatoka: rufaa imekubaliwa, kura mbili kwa moja. Sababu hazikuandikwa, na barua haikutajwa popote. Hakujua kama waliisoma. Hakujua ni nani kati yao aliyesema hapana, wala kama aliyesema hapana ndiye aliyemwona sawasawa.

Marlúcia alilia akampigia simu kila ndugu. Adauto alitoka uani, akakaa juu ya kreti, na Jordana alipomfuata akasogea kumpisha.

Tamires aliandika ujumbe kabla hajapigiwa: “Nimeona. Hongera.” Baada ya dakika kadhaa akaongeza: “Usinipigie kwa sasa.” Februari akarudi ukumbini parokia, benchi lilelile, kuanza mwaka wa tatu. Jordana alijua hivyo kutoka kwa mwalimu wao wa kemia. Mara mbili alimwandikia Tamires barua ndefu, na mara mbili akaona kila sentensi yake inaomba kusamehewa jambo ambalo hakuwa na hakika amelifanya. Mwishowe akamtumia vitabu vyake vyote, na Tamires akajibu: “Vimefika.”

Wiki ya kwanza ya masomo, kwenye foleni ya chakula, msichana mmoja wa darasani kwake aitwaye Heloísa alikuwa akilalamika kwamba binamu yake mwenye alama nyingi amekosa nafasi.

“Sisemi kwa ubaya,” Heloísa akamgeukia. “Wewe mwenyewe hukuingia kwa nafasi za mgawo, au siyo?”

“Niliingia kwa mgawo.”

Heloísa alimtazama usoni, kushoto, kulia. “Aa, ule wa shule za umma.”

Jordana alifungua kinywa. Angeweza kusema ndiyo, na ingekuwa kweli, nusu. Nyuma yake foleni ilisogea, mpishi akamuuliza kama anataka sukuma wiki, akasema anataka. Alipogeuka, Heloísa alikuwa ameshakwenda kutafuta meza, na tayari alikuwa anampungia mkono aende kukaa naye. Kwenye meza ya jirani walikaa wasichana watatu weusi wa mwaka wa pili, wakizungumza, na kiti kimoja kilikuwa wazi pale pia.

Jordana alisimama na sahani yake katikati ya ukumbi hadi maharage yakaanza kupoa.